Dakika za Huruma

Jumapili, 1 Juni 1969

Hapa Bwera, mpakani. Nimeamua. Kuanzia leo naandika kila kitu katika daftari hili, ili siku nitakaposhinda watu wasome jinsi nilivyopanga.

Jana mbio tena. Kila Jumamosi asubuhi sisi wa Klabu ya Mbio tunatoka sokoni, tunakwenda mpaka forodhani Mpondwe, tunageuka, tunarudi. Maili tano. Nimekuwa wa mwisho. Tena! Dakika hamsini na nane. Na nilianza vizuri mno, kama risasi. Mpaka duka la chumvi nilikuwa sioni mtu mbele yangu. Kisha mbavu. Kisha magoti. Kisha nikakaa kidogo juu ya lile jiwe langu la kupumzikia.

Kosa si langu. Kosa ni la Mwalimu Gidioni, mwenyekiti wetu, mtu mwenye saa moja na sheria mia. Sheria ya kwanza: wazito hutangulia. Ukichelewa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo unaruhusiwa kuondoka kabla ya wengine, kwa kadiri ya dakika ulizochelewa, ili wote tufike karibu pamoja. Tunaziita dakika za huruma. Sheria ya pili: saa haifungwi mpaka wa mwisho afike, hata akija anatambaa.

Jana nilipewa dakika kumi na tano za huruma. Hazikutosha! Yafesi alinipita nikiwa juu ya jiwe. Anapiga mluzi! Yafesi ni fundi cherehani, ndiye aliyetushonea kaptula wote. Yangu aliishona fupi kuliko zote. Anasema kitambaa kilikwisha. Mimi najua.

Baada ya misa Martine alilia tena. Mke wangu si mtu wa kulia ovyo. Ni habari ya baba yake. Mzee Anselme ni seremala pale Kasese, mtu wa Beni, mwenye msumeno mkali na ulimi mkali zaidi. Miaka mitano tangu tuvuke mpaka kutoka Butembo, hajala hata mara moja kwangu. Alikuja mara moja tu, akaitazama nyumba, upande mmoja mabati, upande wa pili mbingu, akasema mbele ya majirani: "Ule mutu hamalizake kitu." Akaapa kwamba atakula kwangu siku nitakapomaliza kitu kimoja. Kimoja tu. Chochote.

Ni kweli niliacha seminari. Niliacha useremala pia, kwake yeye mwenyewe, katikati ya kabati. Lakini sasa basi! Jumamosi tarehe kumi na nne klabu yetu inakwenda kukimbia Kasese. Nitamaliza. Na nitamaliza wa kwanza, mbele ya macho yake.

Jumatano, 4 Juni

Mpango umepatikana. Umenijia dukani nikipima sabuni, nikamkatia mteja kipande kikubwa kwa furaha.

Jumamosi hii nitakimbia polepole kwa makusudi. Polepole mno! Nikitumia dakika themanini, Mwalimu Gidioni atalazimika kunipa nusu saa nzima ya huruma kule Kasese, na zaidi. Nitakuwa nimefika, nimenawa uso, nakula muwa, ndipo Yafesi atokeze.

Nimemweleza Martine. Ameniuliza kama mtu anayekuwa wa mwisho kila wiki anahitaji mpango wa kuwa wa mwisho. Wanawake hawaelewi mambo ya michezo.

Nimefanya mazoezi ya uso wa mtu aliyechoka, mbele ya kioo. Mteja mmoja alinipa pole ya msiba.

Jumamosi, 7 Juni

Balaa!

Nilianza polepole kama nilivyopanga. Nikafunga mdomo, nikapumua kwa pua, maana sikuwa na haraka. Wote walionitangulia walikwenda. Wote waliokuwa nyuma walinipita. Vizuri sana. Moyoni nacheka.

Kwenye duka la chumvi nikamkuta Feresita, mama wa Kyarumba, ameshuka kutoka mlimani na mzigo wa maharage kichwani, anapeleka Mpondwe. Nikaona huyu ndiye kipimo. Mama mwenye mzigo hawezi kwenda mbio. Nikashika mwendo wake. Tukazungumza habari za mvua, kahawa, watoto wake saba. Akanitazama vizuri, akauliza: "Leo wewe naumwa? Leo iko nakimbia kama mutu ya akili."

Nikazidi kufuata hatua zake. Tulifika forodhani. Jiwe langu nilipita bila kulitazama. Wakati wa kurudi nikaona watu wamekaa chini kando ya njia, wameshika mbavu. Nikawapita kwa bahati mbaya. Mmoja, wawili, watatu. Nilijaribu kupunguza mwendo lakini miguu ilikuwa imeshazoea.

Dakika hamsini na moja. Sijawahi kukimbia hivyo maishani mwangu! Mwalimu Gidioni alinipa mkono mbele ya watu wote na kusema hii ndiyo bidii. Kisha akafungua daftari lake, akakata. Kasese nitapata dakika nane tu za huruma. Nane! Nimeibiwa saba mchana kweupe.

Kosa ni la Feresita. Watu wa mlimani hawajui kutembea polepole. Safari nyingine nitachagua mtu wa bondeni.

Jumatatu, 9 Juni

Mwanamume hakati tamaa. Mpango wa pili ni bora kuliko wa kwanza.

Mwalimu Gidioni aliita mkutano kuuliza nani anaijua Kasese vizuri, achore njia ya mbio. Niliinua mikono yote miwili. Nikapewa kazi. Nimechora: kuanzia stesheni ya reli, kwenda mpaka daraja la mto Nyamwamba, kugeuka, kurudi kwa njia ya nyuma, na mstari wa mwisho uwe wapi? Mbele ya lango la karakana ya baba mkwe! Mzee Anselme haendi kutazama mbio. Basi mbio zitakwenda kumtazama yeye.

Nimemwandikia barua. Nimesema Jumamosi asimame langoni kwake kuanzia saa tatu asubuhi, ataona jambo ambalo hajaliona tangu azaliwe. Nimetia sahihi: Hilaire, Kapteni wa Wakimbiaji wa Bwera. Hiyo ya ukapteni nimetia chumvi kidogo. Barua bila chumvi hainogi.

Martine aliposikia njia inaishia wapi aliweka sufuria chini. Akaniuliza: na mama je?

Mama mkwe! Hapa lazima nieleze, maana daftari hili huenda likasomwa na wageni. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akija njiani, wewe unatoka njiani. Akiwa ndani, wewe unabaki nje. Jina lake silitaji hata humu. Na kukimbia mbele yake mapaja wazi, katika kaptula ya Yafesi! Heri ardhi ipasuke.

Lakini mimi si mtoto. Nilishafikiria. Kila Jumamosi wanawake wa parokia wanafagia kanisa mpaka saa sita, na mama mkwe ndiye mkuu wao. Nimemwambia Martine hivyo. Ameniuliza kama nina hakika. Nimemjibu kwamba mtu mwenye mpango huwa ana hakika.

Alhamisi, 12 Juni

Mayai sita leo. Mbichi. Ndiyo njia ya mabingwa.

Nimemwomba Yafesi aniongezee kaptula urefu, hata vidole viwili. Amesema cherehani inaumwa. Nikamwambia Jumamosi ndiyo yeye atakayeumwa. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni.

Hila ya mwisho ni hii. Kule Kasese nitaanza polepole tena, kama ninakata roho, ili Yafesi na wenzake wanione mfu na wasinijali. Kumbe nimejificha. Karibu na lango la baba mkwe ndipo nitakapofufuka. Ni udanganyifu mtupu na ninaupenda.

Mwalimu Gidioni ametangaza zawadi. Mshindi anapewa jogoo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi. Miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nitaandika yote.

Asubuhi tulipanda lori la pamba, watu kumi na sita tumevaa kaptula. Kwenye kizuizi askari alitusimamisha. Akauliza tunakimbia nini. Mwalimu akaeleza kwamba tunakwenda kukimbia Kasese. Askari akauliza nani anatufukuza. Hakuna, afande. "Nakimbia bila mutu nafukuza?" Akatutazama kwa huruma, akainua mti wa kizuizi. Akasema pale Kasese kuna hospitali.

Stesheni, saa tatu kamili, wa kwanza wakatolewa. Jua la Kasese si la mchezo. Nikaachiwa na dakika zangu nane. Nikaanza kwa udanganyifu wangu: mdomo nimefunga, pua inapumua, naenda kama Feresita na maharage yake. Wa nyuma yangu wakaanza kunipita mmoja mmoja. Yafesi naye akanipita, akanigusa bega, akasema atanisalimia baba mkwe. Nikaburuza miguu. Mfu hasemi.

Kwenye daraja la Nyamwamba nikamkuta Yafesi ameinama, anakunywa hewa. Nikampita. Akanifuata hatua chache, akabaki. Wengine walikuwa wamekaa chini ya mikaratusi. Nikawapita. Wale wazee waliotangulia mapema nikawapita kwenye kiwanda cha matofali. Nikageuza shingo. Hakuna mtu! Nikatazama mbele. Hakuna mtu! Nilifikiri nimepotea njia, kisha nikakumbuka kwamba njia niliichora mwenyewe.

Nilikuwa wa kwanza. Mimi! Hii ni kazi ya mayai. Nikakata kona ya mwisho, nikaanza kufufuka. Hatua mia moja mpaka lango. Nikaona chokaa ya mstari. Nikamwona Mwalimu Gidioni na saa yake. Nikamwona Mzee Anselme, amesimama langoni, amevaa koti lake la kanisani. Amekuja! Machozi yalitaka kunitoka na sioni haya kuyaandika.

Kisha nikasikia vigelegele.

Wanawake wa parokia. Wote! Wamesimama pande mbili za mstari na matawi mikononi, wanaimba. Na katikati, juu ya chokaa yenyewe, mwenye tawi kubwa kuliko wote: mama mkwe.

Sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Ilikata kushoto, ikaruka mtaro, ikaniingiza katika shamba la migomba la jirani. Nikalala kifudifudi nyuma ya mgomba. Nadhani hakuniona. Alikuwa ameinua macho juu kwa sababu ya kuimba, na matawi yaliyoinuliwa yaliwaziba wengine.

Nikiwa chini pale nilihesabu miguu ikipita barabarani. Yafesi. Vijana wa Kasese waliojiunga nasi pale stesheni. Wale wazee wawili wameshikana mikono. Katekista mnene wa Karusandara aliyekuja nao, ambaye hupumzika kila maili na kuvuta kiko. Wote wamefika. Jogoo amekwenda kwa Yafesi, nilimsikia akiwika.

Basi nikangoja wanawake waondoke. Hawakuondoka! Mama mkwe aliuliza mkwe wake yuko wapi. Yafesi, ambaye alikuwa ameshatokea kwenye kona na kuona vizuri kaptula aliyoishona mwenyewe ikiruka mtaro, alimwambia kwa upole mkubwa kwamba nipo nyuma, mbali, huenda nimezidiwa na jua. Mama mkwe akashika kichwa. Akasema haondoki mpaka mtoto wa watu aonekane. Akakaa juu ya mstari, akatoa rozari. Wanawake wote wakakaa. Wakaniombea.

Na Mwalimu Gidioni naye akakaa, na saa mkononi. Sheria ni sheria. Haifungwi mpaka wa mwisho afike.

Sasa ona taabu. Yeye haondoki mpaka mimi nije. Mimi siji mpaka yeye aondoke. Fungu la kwanza la rozari. La pili. Wakamaliza yote, wakaanza upya. Siafu waligundua kaptula fupi. Saa tano. Saa sita. Wameletewa viazi, wanakula, wananiombea na mdomo umejaa. Mara tatu nilikata shauri la kutoroka kupitia nyuma, nifike stesheni, nipande lori lolote, nirudi Bwera. Mara tatu niliinuka kwenye magoti. Lakini nikaona lile koti la kanisani pale langoni. Mzee hakukaa. Watu walimpa kiti, akakataa. Nikalala tena chini na siafu wangu. Sikuacha. Naandika hapa ili ijulikane: sikuacha.

Karibu saa saba mzee aliingia katika migomba kwa haja yake. Akanikuta.

Tulitazamana. Mimi kifudifudi, majani kichwani. Nilitaka kusema jambo la heshima, nikasema shikamoo. Akatazama kaptula yangu. Akatazama kule mkewe alikokaa. Nikaona anaelewa, polepole, kama mtu anayepima ubao. Akauliza nimelala pale tangu lini. Nikamwambia tangu nilipokuwa wa kwanza.

Hakucheka. Naapa hakucheka, ila masharubu yalicheza kidogo. Akaniambia ile barua yangu haikumfikia peke yake. Yeye hajui kusoma, alimpa katekista wa parokia yake, si yule mnene, amsomee, na katekista aliona habari ni tamu mno, akaitangaza kanisani. Ndiyo maana wanawake waliacha kufagia. Wamekuja kumpokea Kapteni.

Akarudi barabarani. Nikamsikia anamwambia mkewe kwamba kuna moshi jikoni, maharage yanaungua. Mama mkwe akainuka mbio na wenzake nyuma. Kisha mzee akarudi, akavua koti lake, akanipa. Lilinifika chini ya magoti.

Nikavuka ule mtaro. Nikavuka mstari. Ndani ya koti la kanisani, na kipande cha jani la mgomba sikioni. Hakuna aliyeimba. Mwalimu Gidioni akafunga saa, akaandika: masaa matatu na dakika hamsini na mbili. Akaniambia hongera, bila mzaha.

Mzee Anselme alisimama mbele yangu. Akaniondolea lile jani. Akasema, "Mutoto, leo umemaliza." Kisha akasema kwamba miaka mitano amengoja kuona nikimaliza kitu, na hakujua kwamba pia nina heshima. Jumamosi ijayo atakuja Bwera kula. Yeye na mama. Nyumba iwe na mabati au isiwe nayo.

Nilipomwambia Martine alikaa chini palepale mlangoni. Alilia, akacheka, akalia tena. Mimi nilisema ni siafu. Lakini nililia pia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka na wazo! Nimehesabu mara nne.

Masaa matatu na dakika hamsini na mbili! Huo ndio muda wangu wa Jumamosi iliyopita, umeandikwa kwa wino. Na Jumamosi hii dakika za huruma zitahesabiwa kwa huo. Nimekwenda shuleni kumwuliza Mwalimu Gidioni. Amekuna kichwa muda mrefu. Amesema jambo kama hili halijawahi kutokea, lakini sheria ni sheria. Masaa matatu na dakika tisa za huruma! Wengine wataondoka saa tatu. Mimi nitaondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tisa, Yafesi akiwa bado anakoroma.

Yule jogoo amekaa juu ya cherehani ya Yafesi anawika. Awike. Siku zake zinahesabika.

Ijumaa, 20 Juni

Kila kitu tayari. 

Nimeamua kwamba hakuna tena upuuzi wa kwenda polepole. Ule ulikuwa ni woga. Kesho nitatoka kama risasi, tangu sokoni, kama zamani. Mayai nane.

Mwalimu ameuliza nani atachora njia ya wiki hii. Nikainua mikono yote miwili. Watu walicheka lakini hakuna mwingine aliyejitolea, kwa hiyo kazi ni yangu. Safari hii sikuacha pengo hata moja. Mstari wa mwisho nimeupiga chokaa mbele ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, ili baba mkwe aniangalie nikishinda akiwa amekaa kwa raha, kikombe mkononi, chini ya upande wenye mabati. Kaptula imefuliwa. Ilipokauka imezidi kufupika kidogo, lakini ni nyepesi zaidi.

Wakwe wamefika leo mchana, wamelala kwa dada yake Martine. Kesho watakuwa hapa alfajiri. Martine amepika tangu jana, anaimba. Kaniuliza jambo moja tu: atamweka mama yake wapi, maana ndani upande wa mbingu kuna umande na upande wa mabati ni wa baba.

Nimemwambia asinisumbue na habari ndogo ndogo, mtu nina mbio. Amweke pale mlangoni, penye hewa.